Baridi Moja katika Nyumba ya Bi Mildred

Thurmont, Maryland
3 Novemba 2002

Kwako Mjomba Anatoli,

Shikamoo. Huku tunapumua na tunacheka, tunamshukuru Mungu. Kalisti anakusalimu, bado anapaka rangi majumba ya watu. Edna wetu ana miaka kumi na nne na amenipita urefu. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza, hata ukimgombeza. Wale watu wawili waliokuwa wakipiga watu risasi huku, hata kwenye vituo vya mafuta, wamekamatwa, kwa hiyo siku hizi tunajaza mafuta bila kuchuchumaa nyuma ya gari. Mama ameniambia senene wameanza kuanguka huko Bukoba. Nilipokata simu nilimeza mate hadi Kalisti akaniuliza nakula nini.

Ningekupigia na wewe, lakini masikio yako nayajua. Mara ya mwisho kadi nzima ya simu iliishia kwenye "haloo". Barua huisomi vibaya.

Sasa kaa chini, Mjomba. Tumehama Langley Park. Ile fleti ambayo ukikohoa jirani anakuambia pole tumeiacha. Tuko milimani, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kwenye nyumba ya mbao ya ghorofa moja iliyojengwa kabla hujazaliwa. Kuna kisima, kuna jiko la chuma la kuni sebuleni, kuna mashine ya joto ya mafuta inayonguruma kwenye chumba cha chini ya nyumba, na kuna kulungu wanaokuja kula maua yangu mchana kweupe. Jirani wa karibu ni mzee Leonard, mfuga ng'ombe, naye yuko ng'ambo ya bonde.

Nyumba ni ya Bi Mildred, yule ajuza ninayemtunza kule Laurel siku tatu za wiki. Imekaa tupu tangu avunjike nyonga. Mwanawe anataka wamuuzie mtu atakayeibomoa. Bi Mildred kakataa. Ameniambia, mbele ya mwanawe, kwamba tukae humo baridi moja. Mwisho wa Machi atakuja kuikagua mwenyewe, na kama nyumba imevuka bila kuharibika, atatuuzia sisi. Ikiharibika, mwanawe afanye atakavyo. Tulipeana mikono. Yule mwanawe alitabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda.

Mjomba, mimi hii nyumba naitaka. Naitaka mpaka naota nafagia vyumba vyake. Na katika ukoo wetu wote wewe ndiye uliyeishi kwenye baridi yenyewe, miaka minne Urusi. Nieleze. Kuni zinachaguliwaje? Madirisha yanavuja upepo, nifanyeje? Mabomba ya maji yanalindwaje? Na Krismasi tumealikwa kwa Mama Kasoki, yule rafiki yangu Mkongo wa Langley Park, siku nne. Nyumba inaachwaje kwenye baridi? Nijibu upesi, tafadhali sana.

Mpwa wako mwenye nyumba, nusu bado,
Genoveva

---

Kamachumu, Bukoba
2 Desemba 2002

Mpwa wangu Genoveva,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe ishirini na tatu, nikaisoma mara mbili, shangazi yako akaisoma mara ya tatu kwa sauti mbele ya wageni. Senene ni wengi mwaka huu. Tumekukaushia kopo moja, mtu akisafiri litakuja. Magoti yangu yanalalamika lakini hayajagoma.

Umefanya vyema kuniuliza mimi. Baridi, mwanangu, haina huruma lakini ina kanuni. Nilipokuwa Leningrad mate yalikuwa yanaganda kabla ya kufika chini. Sikutishi.

Kwanza, kuni. Za mwaka huu zitakutesa, ni mbichi, zitatoa moshi na kupaka dohani lami, na ile lami ndiyo inayoshika moto ikaunguza nyumba. Tafuta zilizopasuliwa mwaka jana. Gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa sauti nzito. Zipange juu ya magogo zisiguse udongo, uzifunike juu tu, ubavuni zipite upepo. Dohani isafishwe kabla hujawasha. Majivu usiyamwage kwenye boksi hata yakionekana yamekufa. Yatie kwenye debe lenye mfuniko, uliweke nje mbali na ukuta.

Pili, madirisha. Washa mshumaa, upitishe taratibu kandokando ya fremu. Pale mwali unapoyumba ndipo mlango wa mwizi wako. Ziba kwa nailoni na gundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukuta wa watu huwezi kuujenga. Lakini usizibe mpaka jiko likose hewa, mtalala msiamke. Kisha panda darini. Joto hukimbilia juu, kwa hiyo blanketi la nyumba huwekwa darini, si ukutani.

Kuhusu mabomba. (Usijali rangi ya wino, kalamu ile iliisha.) Usiku wa baridi kali, acha bomba lililo mbali lidondoshe tone tone, maji yanayotembea ni mazito kuganda. Fungua milango ya kabati chini ya sinki ili joto liingie. Na hili lishike kuliko yote: mkisafiri, msizime joto. Lipunguzeni, msilizime hata kwa siku moja. Maji yakiganda hutanuka, na bomba hupasuka. Kama ni lazima mzime, mwageni kwanza maji yote yaliyo ndani ya mabomba.

Msalimie Kalisti. Mwambie Edna babu yake anamtaka amwandikie, kwa lugha yoyote.

Mjomba wako,
Anatoli

---

Thurmont
29 Desemba 2002

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Barua yako bado sijaiona. Kila siku nakwenda kwenye kisanduku cha barabarani na viatu virefu vya mpira, narudi na matangazo ya sofa.

Theluji imeshuka, Mjomba. Nilijua itakuwa nyeupe, sikujua itakuwa kimya. Asubuhi ya kwanza nilitoka nje na kanga juu ya koti nikapiga vigelegele peke yangu, ng'ombe wa Leonard wakanijibu.

Kwa Mama Kasoki tulikula mpaka tukaona haya. Samaki, ugali wao wa fufu, kisamvu wanachokiita sombe, na wali wangu. Tulikwenda tarehe ishirini na tatu tukarudi ishirini na saba. Nyumba tuliiacha kwa uangalifu wote.

Nina swali dogo tu, la kujielimisha. Bomba la shaba likipasuka, fundi akalikata na kuunga kipande kipya, linakuwa na nguvu kama zamani? Na mtu mwingine akiliangalia anaweza kujua? Nauliza tu.

Geno

---

Thurmont
8 Januari 2003

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika tarehe nne. Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, chini ya shimo la dari.

Basi nakuambia ukweli, kwa sababu kuuficha kumenichosha. Siku ya kuondoka nilifanya kama Mama alivyotulea: nyumba tupu haiachiwi moto. Nikachomoa friji, nikachomoa redio, nikamwaga majivu, kisha nikaenda kwenye meinswichi nikashusha, kap. Edna akaniuliza kama na joto limezimika. Nikamwambia anyamaze, tangu lini mtu akapasha joto nyumba isiyo na mtu? Niliondoka najiona mama mwenye akili timamu kuliko wote Marekani.

Tuliporudi Kalisti akapandisha meinswichi, mashine ikanguruma, tukafurahi. Bomba halikutoa maji, lakini unanijua, nina mapipa matatu yamejaa jikoni siku zote. Mgao wa maji haujanitoka kichwani. Tukachemsha chai. Saa tatu baadaye nyumba ikapata joto, nasi tukasikia mvua. Mvua ya ndani, Mjomba. Bomba lililo juu ya dari ya jikoni lilikuwa limefunguka ubavu kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Maji yalishuka na kipande cha dari. Nilikimbia na ndoo huku nalia. Kalisti hakujua koki ilipo, ikabidi Edna ampigie Leonard, akaja na trekta, akafunga maji kwenye pampu. Kesho yake yeye na Kalisti wakaunga bomba. Dari Kalisti ataipaka, hutajua.

Bi Mildred sijamwambia. Namwogesha, namchana nywele, ananiuliza nyumba yangu inaendeleaje. Anasema "nyumba yangu" na "nyumba yako" kwa kuchanganya. Namjibu inaendelea vizuri. Nikisema, mwanawe ameshinda.

Sasa nikuulize kitu, kwa heshima zote. Barua yako imeandikwa tarehe mbili Desemba. Mhuri wa posta ya Bukoba unasema tarehe kumi na tisa. Ingetumwa tarehe mbili ningeipata kabla ya Krismasi. Siku kumi na saba barua yangu ilikuwa wapi?

Wako mwenye uchungu kidogo, ila anakupenda,
Genoveva

---

Kamachumu
25 Januari 2003

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole sana. Ile ya Krismasi niliisoma nikashuku. Ya pili imekuja jana ikanikosesha hamu ya kula. Pole wewe, pole Kalisti, na umpe heko yule mtoto. Aliuliza swali la maana kuliko watu wazima wote wa ukoo huu.

Mambo ya posta ya siku hizi unayajua.

Sasa nisikilize, maana hili si la kusimuliwa. Bomba lililoungwa vizuri lina nguvu, hilo lisikusumbue. Kinachonisumbua ni kwamba mlipotaka kulinda nyumba hamkuwa na njia ya kuitoa maji. Nyumba yoyote yenye maji iwe na mahali pa kuyatolea. Kalisti ashuke chini ya nyumba na tochi, afuate bomba kuu toka kwenye pampu hadi mwisho. Achukue chupa ya maji iliyojaa kasoro kidogo, ailaze juu ya bomba, aangalie kipovu. Kipovu kikikimbilia upande mmoja, upande wa pili ndio ulio chini. Panapolegea katikati kama kamba ya nguo, maji yatabaki na yataganda, kwa hiyo apainue kwa vibanio mpaka bomba lote literemkie mahali pamoja. Hapo, mahali pa chini kuliko pote, akate aweke koki.

Siku ya hatari: zima pampu, fungua mabomba ya ghorofani ili hewa iingie, maana bila hewa maji hayashuki, kisha fungua koki ya chini na uweke ndoo. Mkisikia kimya, nyumba imekauka. Baridi iipige hata mwezi mzima, haina cha kupasua.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe leo hii, Jumamosi, kabla hawajafunga. Nakodi baiskeli.

Anatoli

---

Thurmont
19 Februari 2003

Mjomba wangu, Mjomba wangu,

Shikamoo mara kumi. Sote wazima, na subiri nikuhadithie.

Barua yako ilifika Alhamisi tarehe kumi na tatu, mhuri tarehe ileile uliyoandika, nimeuona. Ijumaa redio ikaanza kusema inakuja theluji ambayo haijaonekana miaka mingi. Watu wa Thurmont walinunua mikate na maziwa mpaka rafu zikabaki chuma. Mimi nikanunua koki. Jumamosi asubuhi Kalisti akaingia chini ya nyumba na chupa yake ya maji, Leonard akashika tochi huku akicheka, akasema miaka hamsini hajaona mtu akipima bomba kwa chupa ya soda. Kufikia saa nane mchana alikuwa hacheki. Walikuta bomba limelegea mahali pawili, wakainua, wakaweka koki kwenye kona ya kaskazini. Saa mbili usiku theluji ikaanza.

Ilishuka usiku, ikashuka Jumapili kutwa, ikashuka Jumatatu. Ilifika kwenye kitasa cha mlango. Jumapili mchana umeme ukakatika. Mashine ya joto ikanyamaza, pampu ikanyamaza. Kalisti akanitazama. Nikasema fungua. Akafungua mabomba ya juu, mimi nikashuka na ndoo nikazungusha ile koki yako. Maji yalikuja kwa nguvu, kisha kwa utulivu, kisha yakakohoa, kisha kimya. Nilikaa kwenye ngazi nikasikiliza kile kimya kama misa.

Tulihamia sebuleni sote watatu, magodoro mbele ya jiko, kuni kavu zinazolia vizuri, dirisha moja limeachwa upenyo kidogo. Mapipa yangu matatu tuliyavuta karibu na moto. Chooni tulimwaga theluji iliyoyeyushwa. Jumatatu Leonard akavuka bonde amevaa viatu vya theluji vipana kama raketi za tenisi, na pampu yake imekufa, akiwa na ndoo mbili anaomba maji ya kunywa. Huyohuyo aliyekuwa ananiuliza mapipa ya nini wakati nina kisima. Nilimjazia, nikampa na chai ya tangawizi, nikajizuia kusema neno. Ilinigharimu kujizuia.

Umeme umerudi leo asubuhi. Tukafunga koki, tukawasha pampu polepole. Mabomba yakapiga chafya, yakatema hewa, yakatoa maji. Edna akazunguka nyumba nzima na tochi, chumba hadi chumba, mpaka chini. Tulimsubiri kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Akapanda ngazi akasema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza baada ya muda mrefu: "Mama, pakavu kila mahali."

Basi nimebaki na lile moja. Bi Mildred anakuja Jumapili ya tarehe thelathini Machi. Ubao wa dari umepakwa rangi, hata mimi siuoni. Kalisti anasema ninyamaze, tumeilipia nyumba hii kwa baridi yetu. Leonard hatasema, ni mtu wa ng'ombe. Ni mimi tu. Nikiwa namlisha Bi Mildred uji, kijiko kinanichoma mkono.

Niambie nifanyeje. Na usiponijibu ile habari ya mhuri wa Desemba safari hii nayo, nitajua kuna jambo.

Geno wako

---

Kamachumu
10 Machi 2003

Genoveva mwanangu,

Marahaba. Barua ya theluji nimewasomea watu watano na kila mmoja nimemwongezea theluji kidogo.

Umeniuliza nijibu, najibu. Mimi kule Leningrad niliishi hosteli. Joto lilikuwa likitoka ukutani, likitoka sijui wapi, serikali ndiyo iliyolileta. Kuni sikuwahi kuzigusa. Bomba sikuwahi kuliona. Baridi niliipita barabarani tu kati ya hosteli na chuo, nikiwa nimevaa makoti mawili na kulia. Nilirudi nyumbani, watu wakaniuliza, nikajibu, wakaniuliza tena, nikaongeza. Miaka thelathini nimekuwa mzee wa baridi wa kijiji kizima.

Barua yako ya kwanza ilipofika niliogopa. Nilikwenda misheni kwa Sista Walburga. Ana miaka themanini na moja, amezaliwa kwenye shamba la milimani kule Uswisi. Akaniambia habari ya kuni, majivu, mshumaa, dari. Nikaandika tarehe mbili. Ya mabomba nikasahau kumuuliza, niliporudi nikakuta amekwenda mafungo, atakaa wiki mbili. Ningeweza kuituma barua ilivyo na kuandika chini: mabomba sijui, muulize jirani. Maneno manne tu. Sikuyaandika. Nilingoja Sista arudi ili uone mjomba wako anajua kila kitu. Akarudi tarehe kumi na nane, nikamalizia kwa kalamu nyingine, nikaituma kesho yake.

Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto. Mimi niliona aibu kuuliza, na dari yako ikaanguka. Nisamehe. Bomba lile nimelipasua mimi na wewe, nusu kwa nusu.

Ila ile koki ni yangu. Sista haijui. Miaka kumi na tano nimelaza mabomba ya mradi wa maji katika vilima hivi, na kila bonde tuliweka koki ya kumwagia tope, kwa kupima na chupa, kwa sababu kifaa chenyewe kiliibwa mwaka wa kwanza.

Sasa la Bi Mildred. Umeona siku kumi na saba za kimya changu zilikufanya nini. Mwambie, na umwambie kabla hajakaa.

Anatoli

---

Thurmont
1 Aprili 2003

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Nimekusamehe siku ileile, nikacheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama sijamwambia. Hiyo hosteli ni siri yetu, na Sista Walburga mpelekee kahawa kwa niaba yangu.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumapili walikuja. Kulikuwa na theluji tena, nyepesi, ya kuaga. Mwanawe alimshika mkono Bi Mildred hadi mlangoni. Nilikuwa nimepika, nimepiga deki, nimevaa gauni la kanisani. Akataka kukaa kwenye kiti cha karibu na jiko, nikamzuia kwa mkono mgongoni. Nikamwambia akiwa amesimama. Krismasi nilizima joto, bomba likapasuka, dari ya jikoni ikaanguka, tukaitengeneza, nami nikamficha miezi mitatu.

Mwanawe akasema basi, makubaliano yamekwisha. Alisema kwa upole hata, hakuwa na haja ya kupaza sauti. Kalisti aliangalia viatu vyake.

Bi Mildred akauliza tumefanya nini kuhakikisha halitokei tena. Nikamwambia kuna koki chini ya nyumba. Akasema anataka kuiona. Na nyonga ile. Mwanawe akakataa, yeye akamtazama tu, basi tukambeba kwenye kiti, mimi mbele na Kalisti nyuma, ngazi moja moja, Edna akitangulia na tochi. Akaomba tuifanye mbele yake. Kalisti akazima pampu, Edna akakimbia juu kufungua mabomba. Nikazungusha. Maji yakaja, tukamwaga ndoo baada ya ndoo, na Bi Mildred ameinamisha kichwa anasikiliza mabomba ya nyumba yake, jikoni, bafuni, chumba cha kulala, yakinyamaza moja moja. Hazikufika dakika kumi.

Akasema mumewe alipigana na bomba la kona ile kila baridi kwa miaka thelathini na minane, kwa taa ya moto ya kuliyeyusha na matusi, na hakuwahi kufikiria kulitoa maji. Akaniuliza ni nani aliyetufundisha. Nikasema mjomba wangu, yuko Bukoba, Tanzania. Akashangaa, akauliza huko nako kuna baridi. Nikamwambia hapana, na mjomba wangu hajui baridi. Anajua maji.

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mwanawe akaanza kusema neno kuhusu makubaliano, yeye akainua mkono, akanitazama mimi.

"Rudisha maji, Genoveva," akasema. "Watu hawakai kwenye nyumba yao bila maji."

Mpwa wako, mwenye nyumba,
Genoveva